Bwana Nyoka wa Liwale: mwizi wa pembe aliyeishia kulea nyoka

LIKASI – Hapa kwetu nyoka akionekana uani, hakuna anayeuliza ni wa aina gani. Kwanza fimbo, kisha moto, maswali baadaye. Iwe ni Kikula, Panda au Shituru, awe ni yule nyoka mdogo wa kahawia anayekula panya tu au awe ni swila wa kutema mate, wote hufa kifo kimoja. Kwa hiyo habari ya mtu aliyewaweka nyoka nyumbani kwake, akawalisha, akawapa maji, akajua tabia ya kila aina, itasikika kwa wasomaji wetu wengi kama habari ya mchawi.

Hakuwa mchawi, ingawa wapo walioamini hivyo wakati wa uhai wake. Alikuwa Mwingereza mmoja mkaidi, aitwaye Constantine John Philip Ionides, aliyeishi zaidi ya miaka 40 Afrika Mashariki, sehemu kubwa katika wilaya za Liwale na Newala, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Watu wa huko walimwita Bwana Nyoka. Alifariki mwaka wa 1968. Tunamkumbusha leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, alipita hata Kongo yetu, na hakupita kwa njia nzuri. Ya pili, kuna nyoka mdogo anayebeba jina la Katanga na jina lake kwa pamoja, jambo ambalo watu wachache wa Katanga wenyewe wanalijua.

Alizaliwa Uingereza mwezi wa kwanza mwaka wa 1901, katika ukoo wenye asili ya Ugiriki. Alisoma katika shule ya Rugby, moja ya shule za watoto wa wakubwa, kisha akaingia chuo cha maofisa wa jeshi cha Sandhurst. Tangu utotoni alikuwa amemeza vitabu vya wawindaji wa Afrika, na uaskari kwake ulikuwa nauli tu ya kumfikisha huko. Kwanza walimtuma India. Alivumilia. Katikati ya miaka ya 1920 akapata alichokitaka: alihamishiwa kwenye jeshi la wakoloni la King's African Rifles huko Tanganyika, nchi ambayo Waingereza walikuwa wamewanyang'anya Wajerumani baada ya vita vya kwanza vya dunia.

Mara alipopata nafasi, alianza kuiba tembo. Hakuna neno jingine la kuita kazi hiyo. Aliwinda bila kibali, na sehemu ya ujangili huo aliufanya upande wetu, katika Kongo ya Wabelgiji, ambako polisi wa mipaka walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa. Pembe zilivuka mpaka bila kuandikwa popote. Msomaji wa Likasi, anayeona kila siku malori yakipita kuelekea Kasumbalesa, hatashangaa sana kusikia kwamba mali ya Kongo ilitoka kwa njia ya namna hiyo hata miaka 100 iliyopita.

Baadaye aliacha jeshi, akajaribu kuongoza matajiri wa Ulaya kwenye safari za kuwinda. Kazi hiyo haikumfaa, maana ilimlazimu kucheka na wageni. Ndipo mwaka wa 1933 ikatokea jambo ambalo watu wa wakati ule walilichekea: idara ya wanyama ya Tanganyika ilimwajiri mwizi huyo awe mlinzi wa tembo. Alijua njia zote za majangili kwa kuwa alikuwa amezipita mwenyewe.

Walimpeleka Liwale. Nchi ile ilikuwa maskini, mbali na reli, na kumbukumbu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ilikuwa bado mbichi. Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Ionides alikaa hapo miaka zaidi ya 20. Kiangazi alitembea kwa miguu pamoja na wapagazi na askari wa wanyama, miezi kwa miezi, akipiga tembo waliovamia mashamba ya mihogo na mtama na kufuatilia simba waliozoea kula watu. Masika alikaa nyumbani na vitabu vyake. Hakuoa. Alivaa nguo zilizochakaa mpaka wageni walimdhania kuwa maskini. Usiku alisoma historia ya wafalme wa vita, Genghis Khan akiwa mmoja wa aliowapenda.

Watu waliohamishwa

Kabla ya kufika kwenye nyoka, kuna jambo moja ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka, nasi hatutalipita.

Kaskazini na magharibi ya Liwale kulikuwa na hifadhi ya wanyama iliyoitwa Selous, kwa jina la mwindaji Mwingereza Frederick Selous, aliyeuawa na risasi ya Wajerumani huko Beho Beho mwaka wa 1917. Ilipofika mikononi mwa Ionides ilikuwa ndogo. Yeye aliota hifadhi kubwa ambayo tembo wangeishi bila kukutana na jembe la mtu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliamua kuwatoa wanavijiji waliotawanyika katika pori lile, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o. Ionides aliunga mkono mpango huo kwa nguvu zake zote. Vijiji vikahamishwa, mashamba yakaachwa, makaburi ya wazee yakabaki porini. Hifadhi ikazidi kukua, na mwishowe ikapita kilomita za mraba 40,000, kubwa kuliko nchi nzima ya Ubelgiji.

Ugonjwa ulikuwepo kweli. Tembo nao walikuwa wakimaliza mashamba kweli. Lakini walioulizwa maoni walikuwa wachache, na Ionides hakuwahi kuficha kwamba kati ya mnyama na mtu, moyo wake ulikuwa kwa mnyama. Wasomaji wenye ndugu karibu na parki ya Upemba, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka wa 1939, wanaijua vizuri hadithi hii hata kama majina ni mengine. Mvutano kati ya mlinzi wa parki na mtu anayetaka kulima, kuvua au kuchoma makala haujaisha mpaka leo.

Tunalitaja kwa sababu mtu huyuhuyu aliyeonyesha ugumu kwa binadamu alikuwa na uvumilivu wa ajabu kwa kiumbe ambacho binadamu wengi wanakichukia. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na hatuoni faida ya kufuta moja ili la pili ling'are.

Kutoka tembo mpaka nyoka

Kadiri miaka ilivyopita, kuua wanyama wakubwa kulimchosha. Alikuwa tayari anapeleka vielelezo vya wanyama kwenye jumba la makumbusho la Coryndon huko Nairobi, na humo akagundua kwamba wataalamu walijua machache sana kuhusu nyoka na mijusi ya kusini mwa Tanganyika. Kila kopo la pombe kali alilopeleka likiwa na nyoka ndani yake lilizua maswali. Akaanza kukusanya kwa bidii. Kisha akagundua kwamba nyoka aliyekufa anaeleza nusu tu ya habari zake. Anakula nini? Anazaa watoto wangapi, mwezi gani? Hukasirika lini? Kwa maswali hayo lazima nyoka awe hai, na lazima mtu akae naye.

Hivyo ndivyo masanduku ya nyoka yalivyoanza kujaa katika nyumba ya Liwale.

Kati ya wote, aliyempendeza zaidi ni nyoka ambaye kwa Kifaransa huitwa vipère du Gabon. Yupo hapa Kongo, katika misitu na kando ya mito yenye miti mingi, na tunaweza kumwita kifutu wa msituni ili kumtofautisha na kifutu wa kawaida, yule anayelala njiani jioni. Ni mnene kama mguu wa mtu. Mgongo wake una michoro ya kahawia, zambarau na njano iliyopangika kama zulia, na akilala juu ya majani makavu unaweza kumkanyaga kabla hujamwona. Meno yake ya sumu hufika sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani. Wengi hupita mita moja, na jike kubwa linaweza kuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja.

Na nyoka huyo wa kutisha, Ionides alikuta kwamba ni mpole. Baada ya kuwakamata wengi, alieleza njia yake katika maandishi aliyoyatoa pamoja na Charles Pitman, aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa wanyama Uganda na bingwa wa nyoka wa nchi ile. Kwanza humgusa nyoka kichwani, polepole, kwa koleo refu, aone kama ana hasira. Mara nyingi hana. Halafu humshika nyuma ya kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili humbeba tumbo, kwa maana mwili wake ni mzito na ukiachwa uning'inie nyoka anaumia na kuogopa. Nyoka hakupigana naye. Ni kazi ya mtu aliyejua kwamba nyoka hushambulia kwa hofu, na aliyejifunza kuiondoa hofu hiyo kwanza.

Tunamwomba msomaji asijaribu. Kifutu wa msituni akiuma kwa kweli, kiasi cha sumu anachoingiza ni kikubwa mno, na upole wake hauna mkataba na mtu.

Namna ya kumlea

Watu wengi hudhani kufuga nyoka ni ushujaa. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu, na karibu ya kuchosha. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Hulipata nje ya mwili wake. Kwa hiyo sanduku lake linahitaji upande wenye joto na upande wa baridi, naye huchagua. Anahitaji mahali pa kujificha, kwani nyoka asiye na maficho hukataa kula, na nyoka anayekataa kula miezi mingi hufa taratibu bila kelele. Anahitaji maji safi ya kunywa. Maziwa hanywi, hata kama bibi zetu walisimulia vinginevyo.

Chakula chake ni panya au ndege, na hakihitajiki kila siku. Nyoka mwembamba anayekimbia huku na huku huweza kula kila wiki. Kifutu anayelala akingoja mawindo huridhika na mlo mmoja kwa muda mrefu zaidi. Akimaliza kumeza, huachwa peke yake siku mbili au zaidi, la sivyo atatapika. Anapokaribia kujivua ngozi, macho huwa na ukungu wa buluu na haoni vizuri. Siku hizo hata nyoka mpole huuma. Mlezi asiyejua kusoma macho ya nyoka hatadumu.

Kifutu hataki kuatamia mayai. Watoto wake hutoka tumboni wakiwa hai, 20, 40 na hata zaidi kwa mara moja, kila mmoja na sumu yake tayari. Mtu aliyekuwa na nyoka mmoja jana anaamka akiwa na 30, na wote wanahitaji masanduku.

Ulaya na Marekani kulea nyoka ni jambo la kawaida siku hizi, na wengi huanza na aina zisizo na sumu. Huko Marekani Kaskazini yupo nyoka mmoja anayekula panya na fuko, ana rangi ya majani makavu, na akiogopa hupumua kwa kelele kubwa na kutikisa mkia ili adhaniwe ni yule mwenye kengele mkiani. Ni udanganyifu mtupu. Hana sumu hata tone, huua kwa kubana. Akishikwa kwa upole kila mara huzoea mikono ya watu, na akitunzwa vizuri huishi miaka zaidi ya 15. Anayefanana naye kwa kazi hapa kwetu ni yule nyoka wa kahawia wa nyumbani tuliyemtaja mwanzoni, mwenye mistari myembamba pembeni mwa macho. Yeye hufuata panya wa stoo ya unga. Kila anayeuawa, panya kadhaa hubaki wakiendelea kula mahindi ya mwenye nyumba.

Ionides hakuwa mtu wa kuanza na wapole wasio na sumu. Lakini kanuni za malezi ni zilezile, na wote waliomtembelea waliona kwamba sanduku la nyoka lilitangulizwa kuliko kitanda cha mgeni.

Newala, mji wa nyoka wa kijani

Katikati ya miaka ya 1950 alistaafu kazi ya serikali. Msaidizi wake, Brian Nicholson, akashika ulinzi wa Selous. Ionides akahamia Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaona bonde la mto Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Alienda huko kwa sababu moja: nyoka walikuwa wengi mno.

Miti ya mikorosho na miembe ya Newala ilijaa nyoka wa kijani wa mitini, wale ambao Wazungu huwaita mamba, ingawa kwetu mamba ni wa mtoni. Ni ndugu wa koboko, na koboko huyo tunaye Katanga. Nyoka wa kijani ni mwembamba, mwepesi kama upepo, na sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Ili kumkamata, Ionides alitumia koleo lililofungwa kwenye mti mrefu, akipanda ngazi au akipanda mwembe wenyewe, na chini yake wanakijiji wamekusanyika kama kwenye mechi. Mara nyingi nyoka alishuka kwenye mfuko bila kuumia. Hakuacha yeyote auawe mbele yake.

Habari za nyoka zililetwa na watu wenyewe. Mtoto au mkulima aliyeona nyoka alikimbia kwenda nyumbani kwa Bwana Nyoka, na kama nyoka alipatikana kweli, alilipwa shilingi kadhaa. Hapo ndipo mambo yaligeuka. Mahali ambapo nyoka alikuwa adui wa kupigwa tu, akawa mali. Mtu aliyemwona hakuokota jiwe tena. Alimwacha mwenzake alinde mti, yeye akaenda kutafuta malipo yake. Hakuna mahubiri yaliyofanya kazi hiyo. Shilingi ndiyo iliyoifanya, pamoja na uhakika kwamba mtu atakuja kweli kumwondoa nyoka shambani.

Wasaidizi wake wa Kiafrika walijifunza kazi hiyohiyo. Walibeba mifuko yenye nyoka hai, wakasafisha masanduku, wakafuata nyayo zisizo na miguu. Sifa zilimwendea Mzungu. Sumu iliwakabili wote kwa usawa.

Nyoka wake hai walisafirishwa kwenda bustani za wanyama na kwa watafiti wa nchi nyingi. Umaarufu ukamfuata. Mwaka wa 1960 Alan Wykes alitoa kitabu kuhusu maisha yake, na mwaka wa 1963 mwandishi mwanamke, Margaret Lane, aliyekwenda kukaa naye Newala, akatoa kingine. Mwenyewe aliandika kumbukumbu zake mwaka wa 1965. Katika zote tatu anaonekana mtu asiyejipendekeza: hakuomba radhi kwa ujangili wake, hakujifanya mtakatifu kwa sababu ya nyoka.

Jina la Katanga na jina lake

Wakati Ionides akikusanya Liwale, kwetu Katanga alikuwepo Mbelgiji aliyefanya kazi ya namna hiyo: Gaston-François de Witte, aliyezaliwa mwaka wa 1897 na kufariki 1980. Ni yeye aliyeongoza msafara mkubwa wa utafiti katika parki ya Upemba kati ya 1946 na 1949. Kabla ya hapo, mwaka wa 1942, yeye na Raymond Laurent walikuwa wametangaza aina mpya ya nyoka mdogo mweusi anayeng'aa zambarau, anayeishi chini ya udongo na kuonekana mara chache, hasa baada ya mvua. Wakampa jina la kisayansi Amblyodipsas katangensis, yaani wa Katanga.

Miaka tisa baadaye, huko Marekani, mtaalamu Arthur Loveridge wa chuo kikuu cha Harvard alikuwa akifungua vielelezo vilivyotoka Tanganyika. Kati yake alikuta nyoka wa aina ileile ya Katanga, lakini mwenye tofauti ndogo. Mwaka wa 1951 akamtangaza kama tawi la aina hiyo, na tawi hilo akaliita kwa jina la aliyemkusanya. Kwa hiyo jina kamili la nyoka huyo ni Amblyodipsas katangensis ionidesi: Katanga katikati, Bwana Nyoka mwishoni. Kuna pia mjusi asiye na miguu, anayefanana na mnyoo, aliyepewa jina la Ionides mwaka wa 1950.

Heshima hizo ni ndogo kwa macho ya mtu wa mtaani. Lakini zinaonyesha jambo ambalo ramani za kikoloni zilificha: pori la miombo linaloanza hapa kwetu halijui mpaka, linapita Zambia na kuingia Tanzania kusini, na nyoka wa huku na wa kule ni ukoo mmoja.

Kwa nini inatuhusu

Kuna anayeweza kusema kulea nyoka ni mchezo wa Wazungu wasio na kazi. Tumpe jibu kutoka hospitalini.

Dawa pekee inayozuia kweli sumu ya nyoka ni serumu, na serumu haiwezi kutengenezwa bila nyoka hai anayelelewa. Njia yake haijabadilika sana tangu Mfaransa Albert Calmette alipoionyesha katika miaka ya 1890. Nyoka anakamuliwa: meno yake yanabanwa kwenye ngozi nyembamba iliyofunika glasi, sumu inatiririka ndani. Sumu hiyo inakaushwa, kisha farasi anachomwa kiasi kidogo sana, kidogo kidogo kwa miezi, mpaka damu yake ijifunze kupigana nayo. Kutoka damu hiyo ndipo inapotolewa dawa. Na ni lazima sumu itoke kwa nyoka wa aina ile iliyouma watu. Serumu ya nyoka wa India haimwokoi mtu aliyeumwa na koboko wa Katanga. Basi nyuma ya kila chupa ya serumu kuna mtu anayesafisha masanduku, anayelisha panya, anayesoma macho yenye ukungu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na mwaka wa 2017 liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Hao ni wakulima, watoto, wachoma makala, wachimbaji wa mikono wanaolala karibu na mashimo. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, serumu iliyofaa kwa nyoka 10 wa Afrika, mwaka wa 2014. Chupa za mwisho ziliisha muda wake 2016. Haikuwa na faida ya kutosha. Wanunuzi wake walikuwa maskini.

Ionides mwenyewe aliumwa zaidi ya mara moja katika kazi yake, na nyoka wenye sumu kali wakiwemo. Hakufa kwa nyoka. Kilichomshinda ni miguu, ileile iliyotembea pori la Selous kwa zaidi ya miaka 20. Katika miaka yake ya mwisho ilimsumbua mno, na mtu aliyezoea kupanda miti kumfuata nyoka akabaki akipokea nyoka walioletwa na wengine. Alifariki mwezi wa tisa mwaka wa 1968 huko Nairobi, akiwa na miaka 67.

Hakuzikwa Nairobi. Alirudishwa Selous, akazikwa juu ya mlima Nandanga, ndani ya pori ambalo wanavijiji walitolewa ili libaki tupu. Mwaka wa 1982 UNESCO iliiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka wa 2014, baada ya majangili kuua tembo kwa maelfu, ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka wa 2019 serikali ya Tanzania iliigawa, na sehemu kubwa ya kaskazini ikawa parki ya taifa inayobeba jina la Julius Nyerere. Jina la Selous limebaki kwenye sehemu iliyosalia kusini.